Kanzu ya Idi Isiyofupika

Kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, watu wa Makadara huanza safari za kwenda kwa mafundi wa cherehani. Akina mama hushuka Biashara Street wamewashika watoto mikono, vitambaa huchaguliwa, bei hugombewa, na fundi, kwa kuwa aijua kazi yake, huacha pindo pana chini ya kanzu ya mtoto. Pindo hilo ni akiba. Idi ya mwaka wa pili hufumuliwa, na kanzu ikarudi kwenye kifundo cha mguu. Idi ya mwaka wa tatu kanzu huwa si yake tena. Humwendea mdogo wake.

Kutoka Idi ya Mfunguo Mosi hadi nyingine ni siku 354 au 355. Katika muda huo mtoto mwenye afya, wa baina ya miaka 5 na 10, huongezeka kimo kwa sentimita 5 au 6, karibu upana wa vidole vitatu vya mtu mzima. Kwa hiyo kanzu ya Idi ni kipimo ambacho kila nyumba inacho bila kujua. Kanzu ikipitiwa na Idi mbili, na bado yamfika mtoto miguuni bila pindo kuguswa, mama asifurahi kwamba ameokoa pesa. Kanzu hiyo yataka kuulizwa.

Maneno ya mtaani

Mtoto asipokua, mtaa haukosi la kusema. Wa kwanza atasema ni urithi: baba mfupi, mwana ataupata wapi urefu? Wa pili atasema ni jicho. Wa tatu, naye husema kwa kunong'ona, atasema mtoto amebemendwa. Yaani wazazi hawakungoja aache ziwa ndipo walale pamoja, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa, na mtoto ndiye aliyelipa. Ndugu zetu Wamijikenda wana neno lao, chirwa, na maana yake yakaribiana na hiyo. Wa nne ni mpole kuliko wote: "Atakua tu, mwacheni."

Katika hao wanne, huyo wa tatu ndiye mwenye kuumiza zaidi, kwani hamtibu mtoto na humvunja mama.

Nayasema haya kwa kuwa nimeyaona kwa karibu. Binti wa dada yangu, akaaye hapa hapa Makadara, ana mwana ambaye wakati huo alikuwa wa miaka 7. Mdogo wake wa kike, wa miaka 5, alikuwa amekwisha kumfikia kimo, hata wageni wakawadhani ni pacha. Mavyaa yake binti akaanza kuhesabu kwa vidole miezi iliyo kati ya mtoto wa kwanza na wa pili, na hesabu hiyo ikazunguka nyumba za jamaa. Siku moja binti akanijia na macho mekundu.

"Mjomba, wasema nimembemenda mwanangu. Nikae kitako niwajibu nini?"

"Usiwajibu kitu," nikamwambia. "Twende tukampime."

Jambo la dini na la dawa

Lakini kabla hatujafika kwa daktari, yafaa tulimalize hili la kubemenda, maana lagusa dini kama ligusavyo dawa. Katika Sahihi Muslim imo hadithi iliyopokewa na Bibi Judama binti Wahb. Maana yake ni kwamba Mtume (S.A.W.) alikusudia kuwakataza waume kuwaingilia wake zao wanaonyonyesha, kisha akawatazama Warumi na Wafursi, wao hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, asikataze. Wanazuoni wameijadili kwa marefu, nami si mwanachuoni. Ila naomba msomaji aitazame njia yenyewe: hofu ya watu ilipimwa kwa kuwatazama watoto.

Hata hivyo wazee wetu hawakuwa vipofu. Waliona kwa macho yao kwamba mara nyingi mtoto hudhoofika mama anapopata mimba nyingine mapema. Huko Ghana watu wa kabila la Ga waliliona jambo hilo hilo, wakauita ugonjwa huo kwashiakoo, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi huko, aliupeleka ulimwenguni kwa jina hilo hilo mwaka 1935. Alichokiona ni chakula: mtoto aliyeachishwa ziwa ghafla akapewa uji wa mahindi mtupu, bila samaki, bila maziwa, bila kunde. Dawa yake ilikuwa ni kumlisha. Qur'ani nayo, katika Suratul Baqara, aya ya 233, yataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza. Mama akibeba mimba kabla ya muda huo, la kuangaliwa ni chungu cha mtoto.

Ama jicho, sisi Waislamu hatulikanushi. Lakini kisomo na hospitali havijapata kugombana. Mabedui walipomuuliza Mtume kama wajitibu, aliwaambia wajitibu.

Ukutani bila kofia

Daktari bingwa wa watoto tuliyemwendea hakuanza na dawa. Alianza na ukuta. Mtoto alivuliwa viatu na kofia, akasimamishwa kwenye ubao wa kupimia, visigino, makalio, mabega na kisogo vikigusa ubao, macho yakitazama mbele, kisha kibao kikashushwa kichwani taratibu. Akapimwa mara ya pili, na ya tatu. Daktari alitueleza kwamba kosa la sentimita moja au mbili laweza kumfanya mtoto mzima aonekane mgonjwa, na mgonjwa aonekane mzima. Msichana mwenye misuko mirefu juu ya kichwa hutakiwa aifumue kwanza. Mtoto asiyetimiza miaka miwili hupimwa akiwa amelazwa.

Kisha akaomba kitabu cha kliniki, kile cha mama na mtoto ambacho wengi wetu hukitupa sandukuni chanjo zikiisha. Bahati njema binti alikuwa amekihifadhi. Mlikuwa na mambo haya: alipokuwa na miaka 3, mtoto alikuwa sentimita 95, miaka 4, sentimita 101, miaka 5, sentimita 105. Siku hiyo, na miaka 7, alikuwa sentimita 108 na nusu.

Daktari akaweka kalamu mezani. "Mama, mwanao kuwa mfupi si jambo la kunitisha. Wafupi ni wengi na wazima. Linalonishughulisha ni kwamba katika miaka miwili ameongeza sentimita tatu na nusu tu."

Hapo ndipo lilipo jambo zima, na laiti kila mzazi angelishika. Kimo cha siku moja hakisemi mengi. Kinachosema ni mwendo. Mtoto huzaliwa na urefu wa kama sentimita 50. Mwaka wa kwanza huongeza karibu 25, mwaka wa pili karibu 12, wa tatu karibu 8, kisha hutulia kwenye 5 hadi 6 kila mwaka mpaka karibu na kubaleghe, ndipo hupaa tena. Mtoto mfupi anayepanda kwa mwendo huo yu katika njia yake. Mtoto aliyekuwa akipanda akasimama, hata kama bado si mfupi sana, huyo apelekwe.

Nasi tuna pengo hapa. Kliniki ya watoto humpima mtoto hadi miaka 5. Baada ya hapo aghalabu hapimwi tena na mtu yeyote, isipokuwa fundi wa kanzu.

Kipimo cha Maskati

Mtu aweza kuuliza: ile mistari iliyochorwa katika kitabu cha kliniki ni ya watoto wa nani? Isije ikawa twapimwa kwa watoto wa Wazungu! Swali hilo ni la haki, na lina jibu. Baina ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilipima watoto zaidi ya 8,000 katika miji sita: Pelotas wa Brazil, Accra wa Ghana, New Delhi wa India, Oslo wa Norway, Davis wa Marekani, na Maskati wa Oman. Naam, Maskati ile ile ambako wengi wetu tuna shangazi na binamu. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, waliolishwa vyema, ambao mama zao hawakuvuta sigara. Vipimo vilipotolewa mwaka 2006, ilidhihirika kwamba watoto hao wa mabara mbalimbali walikua kwa namna moja katika miaka 5 ya kwanza. Tofauti kati ya mji na mji ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na tofauti kati ya mtoto na mtoto ndani ya mji mmoja.

Maana yake ni kwamba mtoto mchanga wa Makadara, akipewa haki yake ya chakula na afya, hana sababu ya kuwa nyuma ya wa Oslo. Akiwa nyuma, kuna kilichomzuia. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 18 wamedumaa. Katika jirani zetu wa Kilifi ni 37, idadi kubwa kuliko kaunti nyingine yoyote. Kilifi ni ng'ambo tu ya daraja letu la Nyali na mwendo mfupi wa gari.

Mkono wa kushoto

Yalifuata maswali. Mtoto alizaliwa na uzito gani? Ana kikohozi cha daima, choo cha maji, maumivu ya viungo? Yuko nani katika ukoo mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi wasemavyo? Maradhi haya yapo sana Pwani, na mtoto mwenye nayo hukua taratibu na huchelewa kubaleghe. Baba na mama nao wakapimwa, kwani hesabu ya urithi haifanywi kwa kukisia. Kwa mtoto wa kiume hujumlishwa kimo cha baba na cha mama, huongezwa 13, kisha hugawanywa kwa mbili. Kwa wa kike hupunguzwa 13 badala ya kuongezwa. Baba alikuwa 165 na mama 152. Jawabu likawa 165. Hicho ndicho kimo ambacho mtoto angetarajiwa kukikaribia ukubwani, akizidi au kupungua kidogo. Ule mwendo wake haukuwa ukielekea huko.

Kisha akapigwa eksirei ya mkono wa kushoto. Binti alishangaa: mtoto hakui, mkono una nini? Daktari akaeleza kwamba mifupa ya mtoto ina ncha laini ambazo ndizo zikuazo, na katika kiganja na kifundo cha mkono mna mifupa mingi midogo ijitokezayo kwa zamu, mwaka baada ya mwaka. Mjuzi akiitazama hujua mifupa ina umri gani, hata kama cheti cha kuzaliwa chasema vingine. Kitabu cha picha kinachotumiwa sana kwa kazi hiyo, cha Greulich na Pyle, kilichapishwa Marekani, na chapa yake ya pili ilitoka mwaka 1959.

Wako watoto ambao mifupa yao iko nyuma kidogo kwa kuwa ukoo wao huchelewa kubaleghe. Hao hurefuka baadaye wenzao wakiwa wameshakoma. Mifupa ya mjukuu wangu ilikuwa ya mtoto wa miaka 4.

Mnene lakini mfupi

Kulikuwa na jambo jingine lililowapoteza watu. Mtoto hakukonda. Alikuwa na mashavu, alikuwa na kilo 21, na kila amwonaye alisema, "Huyu ala vizuri, hana ugonjwa." Daktari aliligeuza neno hilo. Mtoto anayekosa chakula, au mwenye maradhi ya tumbo, hupungua uzito kwanza na kimo hufuata. Mtoto ambaye kimo kimesimama na uzito waendelea, huyo mwenye kumtazama afikirie tezi.

Akaendelea kuuliza. Je, husikia baridi? Binti akacheka kwa mshangao: hata katika joto la kaskazi, wenzake wakilala vifua wazi, yeye hutaka shuka. Je, choo chake? Kigumu. Ngozi? Kavu. Usingizi? Mwalimu wa chuoni alikuwa amekwisha kulalamika kwamba husinzia juu ya msahafu, na shuleni walimwandika kuwa ni mvivu.

Damu ilipopimwa, ikaonekana ni tezi ya shingoni, iitwayo thairoidi, ile ambayo ikivimba twaita rovu. Tezi hiyo hutoa homoni inayouendesha mwili wote kama mtu aongezaye na kupunguza moto wa jiko. Ya mtoto huyu ilikuwa imedhoofika, kwa kuwa kinga ya mwili iliigeukia na kuishambulia kana kwamba ni adui. Halikuwa kosa la mama, wala la ziwa, wala la miezi iliyohesabiwa kwa vidole.

Dawa yake ni kidonge kidogo kinachotia mwilini homoni ile ile iliyopungua. Humezwa kila siku asubuhi kabla ya kula, nacho si cha bei ya kutisha. Kinachotakiwa ni kutokosa, na damu kupimwa kila baada ya muda. Siku atakapobaleghe na kufunga Ramadhani, daktari atampangia kukimeza usiku. Katika mwaka wa kwanza wa dawa mtoto aliongezeka sentimita 9. Shuka la usiku likaachwa, na mwalimu wa chuoni akaja mwenyewe kuuliza amepewa nini.

Lazima niongeze onyo. Kwa mtoto mchanga tezi hii haigusi kimo peke yake. Azaliwaye na tezi isiyofanya kazi, asipotibiwa katika majuma ya mwanzo, huharibika akili, na hasara hiyo hairudi. Mtoto mchanga akiwa na manjano yasiyokwisha, kilio kizito, usingizi wa kupita kiasi na choo cha shida, asingojwe.

Sindano na wauza maneno

Watu wakisikia "mtaalamu wa urefu" hufikiri habari ni sindano. Sindano zipo. Chini ya ubongo kuna tezi yenye ukubwa wa punje ya mbaazi itoayo homoni ya kukuza. Mwaka 1958 daktari Maurice Raben wa Marekani alitangaza kwamba amemtibu kijana kwa homoni hiyo, iliyotolewa katika tezi za watu waliokufa. Mwaka 1985 njia hiyo ilisimamishwa, baada ya kugunduliwa kwamba baadhi ya waliotibiwa hivyo waliambukizwa maradhi ya ubongo yasiyo na dawa. Na mwaka huo huo ikaruhusiwa ile itengenezwayo maabara. Ni ghali, hudungwa kwa miaka, na huwafaa wachache wenye sababu maalumu, kama watoto ambao tezi hiyo haitoi, au wasichana waliozaliwa na upungufu katika kromosomu uitwao Turner. Kila msichana aliye mfupi bila sababu yafaa apimwe kwa hilo.

Lakini unga na vidonge vinavyouzwa kwa matangazo kwamba vitamrefusha hata mtu mzima, hivyo ni maneno. Ncha za mifupa zikishafunga, kwa msichana aghalabu karibu na miaka 15, kwa mvulana karibu na 17, hakuna kidonge wala unga wa kuzifungua. Ndiyo maana yule mpole asemaye "atakua tu" aweza kuwa na hatari kuliko adui. Muda ndio mtaji wa mtoto huyu, na wapungua kila Idi.

Mzazi aanze wapi? Aanze na kliniki iliyo karibu naye, na kitabu cha mtoto mkononi. Kama mwendo umesimama, aombe barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa watoto katika hospitali kubwa; nasi hapa kisiwani tuna hospitali kuu ya Pwani, ambayo wazee hadi leo huiita Makadara. Huko nyuma mabingwa wa homoni za watoto katika Afrika yetu walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 2008 kilianzishwa Nairobi kituo cha kuwafundisha, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za bara hili.

Kadari na kadiri

Najua wako watakaosema kwamba urefu na ufupi ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na nani awezaye kuipinga? Hakuna. Lakini neno kadari na neno kadiri yatoka katika shina moja la Kiarabu, na hata jina la mtaa wetu latupigia sikioni sauti hiyo. Mwenye kukadiria kimo cha mwanawe hapingani na kadari, aitafuta ilivyo.

Na kama daktari, baada ya kupima yote, atasema mtoto ni mzima, ni mfupi tu kama babu zake, basi hilo nalo ni jibu, na lipokelewe kwa shukrani. Mtoto huyo asiitwe mbilikimo barazani, wala asivishwe nguo za mdogo wake mbele ya wageni. Sahaba Abdullahi bin Mas'ud alikuwa mfupi, mwenye miundi myembamba, hata watu wakaicheka. Mtume akawaambia kwamba miundi hiyo katika mizani ya Kiyama ni mizito kuliko jabali la Uhud.

Na wale wenye kuhesabu miezi ya watu kwa vidole, nawaomba kwa adabu: mtoto wa jirani akionekana amesimama kukua, msimtafutie mama yake dhambi. Mtafutieni nauli ya kwenda hospitali.

Wabillahi taufiki.